Sindano Isiyorudi Sifuri

Baba yangu hapendi mita za tarakimu. Anasema tarakimu zinarukaruka kama mtu anayetunga uongo na hajaamua aanzie wapi. Yeye ana mita yake ya sindano, kioo kimepasuka pembeni na kuzibwa kwa gundi, na kwa mita hiyo ametengeneza redio za nusu ya Kasulu tangu sijazaliwa. Akitaka kujua chombo kinakula umeme kiasi gani, anakata waya mmoja wa betri, anaiunga mita pale alipokata, kisha anaegemea ukuta na kuitazama sindano. Ikipanda sana anaguna. Ikipanda kidogo anaguna pia, ila kwa namna nyingine. Ilinichukua miezi kuitofautisha miguno hiyo miwili. Sasa benchi ni langu, yeye huja siku za soko tu kunywa chai na kunikosoa, na kuna siku naikumbuka ile miguno mpaka nafunga kibanda mapema.

Mwaka niliorudi nyumbani na stashahada yangu ya elektroniki nilikuwa mtu wa kuudhi. Nalisema mwenyewe kwa sababu wengine watalipamba. Ajira hazikuwepo, nikaketi kibandani kwa baba kama mgeni rasmi, nina mita yangu mpya ya tarakimu, nina daftari la chuo, nina mdomo. Mteja akileta redio, kabla baba hajaifungua mimi nilishautangaza ugonjwa. Mara chache nilipatia. Mara nyingi baba alifungua polepole, akakuta mende wamejenga ndani au waya umetafunwa na panya, akanigeuzia nione bila kusema neno. Nilimchukia kwa kunyamaza kwake. Leo ningefurahi sana aninyamazie hivyo siku nzima, kuanzia asubuhi mpaka tunafunga.

Kazi iliyotufanya tuelewane ilikuwa redio ya bibi, yaani mama yake.

Bibi aliishi Murungu, kule Kibondo. Alizaliwa ng'ambo, Burundi, akavushwa mto akiwa mgongoni kwa mama yake, na Kiswahili chake alikiokota kanisani na sokoni. Redio yake baba aliitengeneza kwa vipande: ganda la redio moja, spika ya nyingine, betri ya kuchaji iliyotoka kwenye tochi kubwa, na sola yenye ukubwa wa daftari juu ya bati. Mbele ilikuwa na taa nyekundu na voliumu ya kuzungusha, ile ambayo ukiishusha mpaka mwisho inalia tik na redio inazimika. Ilikaa dirishani, juu ya kitambaa alichokifuma mwenyewe. Hakuiwekea muziki. Aliiwekea matangazo ya vifo.

Mtu wa mbali anaweza kudhani ni mazoea ya huzuni. Kwetu ni adabu. Ndugu wametawanyika Kasulu, Kibondo, Kakonko, wengine wako vijiji ambavyo ukifika lazima uulize mara tatu. Mtu akifa, tangazo linapelekwa redioni, na baada ya taarifa ya habari ya saa saba mchana mtangazaji anasoma: fulani wa kijiji fulani amefariki, habari ziwafikie fulani na fulani popote walipo. Ukisikia jina lako unajifunga kanga na kuondoka. Usipokwenda hakuna atakayekugombeza. Watakuuliza tu kama hukusikia.

Bibi aliulizwa swali hilo mara moja maishani mwake. Mdogo wake wa kike, waliyelala mkeka mmoja utotoni, alikuwa ameolewa Kasanda, naye alifariki katikati ya masika. Bibi hakuwa na simu. Alisema simu ni ya watu wenye haraka. Wale wa Kasanda walikuwa na namba ya zamani ya baba, haikupatikana, wakafanya kama watu wote wanavyofanya, wakapeleka tangazo. Lilisomwa siku mbili, na kibandani kwetu hatukulisikia. Siku zote mbili redio ya bibi ilikuwa imekufa dirishani, maana mawingu yalikuwa yameifunika sola wiki nzima. Habari alizipata kwa muuza mbuzi aliyekuwa anapita. Alipofika Kasanda na fimbo yake, matanga yalishaanuliwa na wanawake walikuwa wanaosha masufuria ya mwisho. Binti mkubwa wa marehemu alimtazama akasema, "Mama mkubwa, hukusikia?" Na sauti nyingine nyuma yake ikaongeza, "Si mwanawe ndiye fundi wa redio?"

Hayo bibi alimsimulia baba mwenyewe, nami nilikuwepo, nimeshika kikombe cha uji ambacho sikukimaliza. Hakulia. Alisema tu kwamba aibu ile hawezi kuibeba mara ya pili, na kwamba akitangazwa tena mtu wake naye asisikie, bora wamtangaze yeye. Baba aliinuka, akaichomoa redio, akaiviringisha kwenye kanga, tukarudi nayo Kasulu. Tulipofika kibandani akaiweka mbele yangu.

"Msomi," akasema, "hii isife tena."

Nilipendekeza sola kubwa. Baba akasema sola kubwa juu ya nyumba ya mwanamke mzee anayeishi peke yake haimalizi mwezi, wezi wataitembelea, na mawingu ya masika hayajali ukubwa wa sola. Kilichobaki ni kupunguza ulaji. Hapo niliona neema imenishukia, kwa sababu hilo ndilo nililolisoma: namna ya kufanya kifaa cha sauti kitumie umeme kidogo. Niling'oa ile taa nyekundu. Nikang'oa na balbu ndogo iliyomulika namba za stesheni. Nikabadilisha spika, nikaweka nyingine inayotoa sauti ileile bila kuibembeleza kwa umeme mwingi. Nikapima kwa mita yangu, redio ikiimba, nikaandika, nikagawanya kwa saa chache za kusikiliza kila siku, nikapiga mstari chini ya jibu. Siku sita bila jua. Nilimsomea baba jibu langu kwa sauti ya kumkaripia kidogo, Mungu anisamehe.

Tukaituma Murungu kwa kondakta wa basi. Siku ya tatu mwinjilisti wa kule akatupigia simu kwa niaba ya bibi. Redio imekufa. Na safari hii, akasema, bibi anasema imekufa vibaya zaidi, kwa sababu zamani ilikuwa inakufa taa inafifia kwanza, mtu anajiandaa, lakini sasa hata taa haina, hajui kama ni mzima au maiti.

Ikarudi. Nikaikagua kama daktari mwenye kesi mahakamani. Sikuona kosa. Betri nzima, nyaya nzima, hesabu nzima. Nikaichaji, ikaenda tena, ikafa tena siku ya tatu. Majirani wa kibandani walishaanza kunitania, mmoja akiniuliza kila asubuhi, "Dada injinia, mgonjwa kaamkaje?" Nilicheka nao. Nyumbani nililia, tena si kidogo, kwa sababu niliogopa jambo moja tu: kwamba katika siku hizo ambazo redio ilikuwa maiti, mtu wetu mwingine angekufa na kutangazwa, na bibi aulizwe tena.

"Umeipima ikiwa kwako," baba akaniambia. "Kwa bibi yako inaishi vipi?"

"Inakaa dirishani."

"Hilo najua, mimi ndiye niliyeiweka." Akavuta mita yake ya sindano, akaifunga kwenye taulo kama mtoto mchanga, akanikabidhi. "Nenda ukakae naye. Usipime kitu mpaka umekaa."

Hakuwahi kabla kumwazima mtu ile mita. Nilisafiri nayo mapajani mpaka Kibondo na sikuthubutu kusinzia.

Bibi alinipokea kwa salamu ya kwao, ile isiyo na haraka, ya kushikana mikono mpaka kwenye viwiko na kupiga makofi ya taratibu. "Mwakeye, mwana wanje," akasema, na mimi nikaitikia, "Mwakeye," naye akaanza kuuliza habari ya mtu mmoja mmoja wa Kasulu, akiwemo paka. Wakati wote huo redio ilikuwa inaongea dirishani, betri ikiwa imejaa, maana jua lilikuwa limetoka tangu jana yake. Mchana tulikula ugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu, lililotiwa mawese. Saa saba matangazo yakasomwa. Bibi aliacha kutafuna. Alisikiliza kila jina mpaka la mwisho, na alipohakikisha hakuna wa kwetu, akaendelea na tonge lake.

Baada ya matangazo akaingia bwana mmoja wa kilimo, akawa anafundisha habari za maharage. Hapo akaja jirani kuomba mbegu. Bibi aliinuka, akaenda dirishani, akasimama mbele ya redio akiwa ameinama kidogo. Akapiga makofi mawili, laini, kama yale ya salamu. Kisha akazungusha voliumu kwa vidole viwili, polepole, mpaka sauti ikaisha kabisa. Hakufika kwenye tik. Akaiacha hapo, akarudi kwa mgeni wake.

Jirani akapewa mbegu, akakaa, akaongea, akaenda. Redio kimya. Tukachambua maharage. Redio kimya. Nikaona betri inaenda bure, nikanyoosha mkono niimalizie ile tik.

"Wewe!" Sikujua bibi ana sauti kubwa namna ile. "Unamfanya nini huyo?"

"Naizima, bibi. Si hatusikilizi?"

"Si anaongea?"

"Hatumsikii."

"Hatumsikii sisi. Yeye anaongea. Mtu anaongea, wewe unamfunga kinywa? Oya, hapana. Mimi nimemwomba ruhusa, nimepunguza masikio tu. Yeye aendelee."

"Bibi, yule hakuoni. Yuko mbali huko, mbele ya mashine."

"Na mimi sijioni?" Akanitazama kwa masikitiko ya kweli. "Sisi tulifunzwa, mkubwa akisema huinuki ukamwacha. Ukitaka kuinuka unapiga makofi, unangoja. Huko chuo miaka yote hawakufunza hilo?"

"Basi akimaliza huyo, zima."

"Akimaliza huyo anaingia mwingine. Nimkate yupi?"

Hapo nikaelewa. Tangu siku baba alipompa ile redio bibi hakuwahi kuizima, hata mara moja, kwa sababu hakuwahi kukuta wakati ambao hakuna mtu anayeongea au kuimba ndani yake. Alikuwa akiishusha sauti kwa heshima zote na kuiacha. Betri ndiyo iliyokuwa inaizima.

Nikatoa mita kwenye taulo. Nikafungua mgongo wa redio, nikakata waya, nikaunga. Voliumu ikiwa juu, sindano ilipanda na kucheza na maneno ya bwana wa maharage. Nikashusha sauti mpaka kimya. Nilitegemea sindano irudi chini. Ilirudi kidogo, ikasimama katikati ya njia, imetulia, haishuki tena. Nikagonga kioo kwa kucha kama baba anavyofanya. Haikushuka. Nilikaa chini sakafuni nikaitazama mpaka bibi akaniuliza kama naumwa.

Chuoni nilijibu swali hilohilo kwenye mtihani na nikapata alama zote. Chipu ya sauti ya redio zile za zamani, ile nyeusi inayotoa nguvu kwenda kwenye spika, ni kama jiko la mkaa la mama ntilie: limewashwa tangu asubuhi, mteja awepo asiwepo, ili akija asingojeshwe. Ukishusha sauti hujaizima. Inaendelea kujipasha moto, tayari kwa neno ambalo halitasikika. Mimi niliipima ikiimba tu. Haikunijia akilini kupima ukimya wake, kwa sababu mimi nikinyamazisha redio naizima, na sikuwahi kumuuliza mwanamke aliyemzaa baba yangu yeye hufanyaje.

Nilirudi Kasulu nikiwa mpole. Nilimsimulia baba, mkono kwa mkono, makofi kwa makofi. Alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akaacha kucheka ghafla, akafuta macho, akasema alipokuwa mdogo bibi aliwahi kumtandika kwa kuondoka wakati mjomba anasali sala ndefu. "Nilipaswa kujua," akasema. "Nimempa redio, nikasahau ni mama yangu."

Dawa niliijua. Kuna chipu za kisasa ambazo hazijipashi moto hivyo. Zinawasha na kuzima umeme mara nyingi mno kwa sekunde moja, sikio halitambui, na karibu kila kinachoingia kinatoka kuwa sauti. Tena baadhi zina mguu mmoja wa kulalia: ukiupa umeme chipu inaamka, ukiunyima inalala fofofo. Nikamchorea baba mpango. Voliumu ikifika chini kabisa, pasiwe na tik, pasiwe na lolote la kumshtua bibi, lakini kimyakimya umeme wote ukatike. Chipu ya kupokea stesheni izimike, ya sauti izimike, kila kitu. Betri ingekaa mwezi.

Baba aliupitia mchoro kwa ncha ya kidole.

"Akiniuliza kama huyo mtu bado anaongea, nimjibu nini?"

"Mjibu ndiyo. Atajuaje?"

Hapo nilisikia mguno wa tatu, ambao sikuwahi kuusikia kabla. "Mama yangu ameaibishwa Kasanda kwa sababu ya kazi ya mikono yangu. Sitamwongezea na uongo." Akachukua kalamu, akaufuta mstari mmoja kwenye mchoro wangu. Chipu ya kupokea stesheni ibaki macho. Ilale ile ya sauti peke yake. "Hii inayopokea inakula kiasi gani?"

"Kidogo sana."

"Basi iache iendelee kula hicho kidogo."

Nilimwona mzee mkaidi anayetupa siku za betri kwa ajili ya jambo lisilokuwepo. Nilibishana naye siku mbili, nikitumia maneno makubwa. Leo naona haya kuyakumbuka.

Chipu yenyewe tuliipata kwa njia isiyotarajiwa. Mama mmoja Mkongo kutoka kambi ya Nyarugusu, aliyekuwa anapata kibali cha kuja sokoni na kutuletea spika za kwaya yao kutengeneza, alifika na spika ndogo ya kuchaji iliyoungua betri. "Papa fundi," akamwambia baba, "hii baffle ilishakufa. Ilikuwa naimba muzuri, sasa iko kimya tu. Kamata, labda mutatosha mo kitu." Kutosha, kwao, ni kutoa. Tuliifungua, na humo ndani, kwenye kibao kidogo, kulikuwa na chipu ya miguu minane, ndogo kuliko punje ya harage. Nikaifuatilia miguu yake mmoja mmoja mpaka nikaupata ule wa kulalia. Nilipiga kelele hata mama yule akacheka na kusema "Aleluya" bila kujua tumefurahia nini.

Kuichomelea kwenye redio ya bibi kulituchukua mchana mzima. Macho ya baba hayakuwa mazuri tena kwa vitu vidogo hivyo, kwa hiyo yeye alishika kioo cha kukuzia na mimi nikashika kichomeo, vichwa vyetu vimegusana. Nilikuwa nasikia anavyopumua. Sikuwahi kuwa karibu naye hivyo tangu nilipokuwa mtoto wa kubebwa. Nikitaka kukumbuka furaha yangu ya mwaka ule, ndiyo hiyo, ni harufu ya risasi inayoyeyuka na shati la baba.

Tulipomaliza akaunga mita yake. Voliumu juu, sindano ikapanda, chini sana kuliko zamani. Nikashusha mpaka kimya. Sindano ikaanguka, ikaanguka tena, ikasimama unywele mmoja kabla ya sifuri. Haikugusa sifuri, na baba hakutaka iguse. Akaguna ule mguno mzuri. Kisha akaidai taa nyekundu irudishwe. Nikasema taa inakula. Akasema bibi anahitaji kujua kama redio yake ni mzima. Nikairudisha, ila nikaipunguzia umeme mpaka ikabaki nukta hafifu, ya kuonwa na anayeijua.

Baba aliipeleka mwenyewe, nami nikamsindikiza. Bibi akaijaribu mbele yetu, baba akimwambia aizungushe mpaka mwisho bila hofu. Akainama, makofi mawili, akazungusha mpaka mwisho. Akangoja tik. Haikulia. Akamgeukia mwanawe.

"Bado anaongea?"

"Bado, mama," baba akasema. "Yuko humo, anaongea. Sisi tu ndio tumepumzika."

Bibi akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akaigusa ile taa kwa kidole. Nilimtazama baba usoni wakati anatoa lile jibu. Alikuwa mtu asiye na deni na mama yake, na hapo ndipo nilipojua kwa nini aliufuta mstari wangu.

Masika ile, redio haikufa. Wala iliyofuata. Bibi alisikia kifo cha shemeji yake akawahi mazishi, akasikia cha mzee wa kanisa wa zamani akawahi, na kule Kasanda alipofiwa yule binti mkubwa na mumewe, bibi alifika kabla ya jeneza. Hakuna aliyemuuliza kitu. Alirudi nyumbani akanitumia, kwa simu ya mwinjilisti, salamu ndefu ya shukrani iliyokuwa na baraka nyingi na agizo moja: nisiwe na haraka ya kuwafunga watu vinywa.

Alifariki mwaka jana, wakati wa kupanda, baada ya kuugua siku nne. Baba alipeleka tangazo mwenyewe. Saa saba tulikuwa uani Murungu, chini ya turubai, na mtu alikuwa ameiwasha redio ya bibi dirishani bila kuwaza. Mtangazaji akasoma jina lake. Akasoma kijiji chake, watoto wake, wajukuu, na akasema habari ziwafikie ndugu wa Kasanda popote walipo. Baada ya hapo likaingia tangazo la sabuni, lenye kelele na vicheko. Mchungaji alikuwa anangoja kuomba. Shemeji mmoja akainuka kwenda kuizima.

Baba alimwahi. Alisimama mbele ya dirisha, mzee sasa, ameinama kuliko ilivyohitajika. Akapiga makofi mawili. Akaishusha polepole mpaka ikanyamaza. Nililia hapo, mbele ya watu, na sikujificha.

Watu wa Kasanda waliingia jioni ileile, kabla giza halijashika, wote, pamoja na yule binti mkubwa, ambaye naye sasa ana fimbo. Alikwenda moja kwa moja kwa baba akamshika mikono mpaka viwikoni. "Tumesikia," akasema.

Siku ya kuanua matanga tuligawana vitu vyake. Kanga, sufuria, mkeka, Biblia ya Kirundi iliyotoka jalada. Redio hakuna aliyeitaja. Wakati wanawake wanaosha vyombo, mimi na baba tuliingia ndani kufunga madirisha, na pale juu ya kitambaa nikaiona ile nukta nyekundu, hafifu. Tulikuwa tumeisahau siku zote zile. Kulikuwa kumenyesha kila siku, na hakuna aliyeigusa tangu baba alipoishusha.

Baba naye aliiona. Alikaa kwenye kitanda cha mama yake, akaweka mikono yake magotini.

"Bado anaongea?" akaniuliza.

Nilizungusha voliumu kidogo. Sauti ya mtangazaji ikatoka, safi, yuko katikati ya jina la mtu.

"Bado, baba," nikamwambia, nikakaa kando yake tukasikiliza mpaka jina la mwisho.